Kuhamia Chombo Kidogo

Msomaji, ukisafiri katika nchi ya Garissa wakati wa kiangazi, malisho yanapokwisha upande mmoja na kubaki upande mwingine, huenda ukapita mahali ambapo jana palikuwa na mji, na leo pana majivu ya meko, zizi la miiba na nyayo za ngamia. Usidhani kwamba mji huo umeangamia. Umehama. Nyumba za wafugaji wa Kisomali, ambazo wenyewe huziita aqal, hujengwa kwa fito zilizopindwa na kufunikwa kwa mikeka, na wajenzi wake ni wanawake. Siku ya kuhama, wanawake hao hao huifungua nyumba kipande kwa kipande. Mikeka hutandikwa juu ya mgongo wa ngamia ili mzigo usimchubue, fito hufungwa ubavuni, na vyombo vya maji na maziwa huwekwa juu. Jua linapotua, nyumba ile ile huwa imesimama mahali pengine, na moto unawaka mlangoni pake.

Katika safari hiyo iko sheria moja isiyoandikwa, lakini kila mama wa nyumba anaijua: ngamia ana kipimo chake. Ukimpakia kila ulicho nacho, atapiga magoti asiinuke. Ukiacha nyuma kitu ambacho nyumba haisimami bila hicho, utafika lakini hutapata pa kulala. Basi kazi kubwa ya kuhama haiko njiani. Iko nyumbani, kabla ya kukaza kamba, pale mtu anapoamua kipi kiende na kipi kibaki.

Nimeanza na habari za ngamia, ingawa nia yangu ni kukusimulia habari za kompyuta, kwa kuwa sheria hiyo ndiyo itakayotuongoza mpaka mwisho. Siku hizi katika shule, ofisi na maduka ya Garissa, Wajir na Mandera, kama ilivyo katika miji mingine ya dunia, ziko kompyuta zilizochoka. Ukizibonyeza ziamke, unaweza kwenda kuteka maji na kurudi kabla hazijawa tayari. Wenyewe hudhani kwamba zimezeeka na zinastahili kutupwa. Aghalabu akili ya mashine bado ni nzima. Iliyochelewa ni ghala yake, yaani diski. Fundi huiondoa diski ya zamani na kuweka mahali pake nyingine iliyo ndogo kwa umbo, na mara nyingi ndogo kwa nafasi pia, lakini yenye mbio zaidi. Kabla ya hapo huuhamisha mfumo wa uendeshaji kutoka ile ya kwanza hadi ile ya pili. Mashine iliyokuwa ikiamka kwa dakika kadhaa, sasa huamka kwa sekunde chache. Mtazamaji huona kama muujiza. Walakini jambo hilo lina historia ndefu, na lina adabu zake, na mtu asiyezijua adabu hizo huweza kupoteza kwa saa moja kazi ya miaka 20.

Kwanza tuelewane kuhusu kile kinachohama. Mfumo wa uendeshaji ni mkusanyiko wa maagizo yanayoiongoza kompyuta katika kila tendo lake: kupokea herufi unazobonyeza, kuonyesha picha kiooni, kuihifadhi barua na kuipata tena kesho. Pasipo mfumo huo kompyuta ni kama aqal isiyo na fito. Mikeka ipo, bali hakuna cha kuiinua. Maagizo hayo hayana budi kukaa mahali ambapo yatadumu hata umeme ukizimwa. Mahali hapo ndipo diski, na hapo ndipo mashine huyasoma kila inapoamshwa.

Sasa yatupasa tuondoke kidogo kwenye kingo za mto Tana, twende mpaka San Jose katika jimbo la California, Marekani, maana huko ndiko diski ilikozaliwa. Kabla ya hapo kompyuta zilihifadhi habari katika kadi zilizotobolewa na katika kanda za sumaku. Kanda ilikuwa na ila moja kubwa. Ikiwa habari unayoitaka imo mwishoni, hapana budi uizungushe kanda yote mpaka uifikie. Mnamo Septemba 1956 kampuni ya IBM ilitangaza chombo kilichobuniwa na wahandisi wake waliokuwa chini ya uongozi wa Reynold Johnson. Ndani yake mlikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, zikizunguka pamoja mara 1,200 kwa dakika. Mkono wa chuma ulipanda na kushuka ukitafuta sahani iliyotakiwa, kisha ukajipenyeza ndani kusoma. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa tani moja hivi, na kilihifadhi herufi milioni 5. Leo picha moja tu iliyopigwa kwa simu huweza kuijaza nafasi hiyo. Hata hivyo, mtu aliweza kuifikia habari yoyote kwa muda usiotimia sekunde moja, iwe mwanzoni au mwishoni mwa ghala.

Haikupita miaka mingi kabla ya mfumo wa uendeshaji wenyewe kuhamia katika chombo hicho. Mwaka 1966, kwa ajili ya kompyuta zake za jamii ya 360, IBM ilikuwa na mifumo miwili iliyo kama ndugu: mmoja wa kukaa katika kanda, na mmoja wa kukaa katika diski. Ule wa diski ndio uliodumu, kwa sababu haukumlazimisha mtu kungoja kanda izunguke. Kwa hiyo, msomaji, fundi wa leo anayehamisha mfumo hafanyi jambo geni. Anarudia safari iliyokwisha kufanywa kabla babu zake hawajaiona kompyuta kwa macho.

Tangu hapo historia ya diski ni historia ya kupungua mwili na kuongezeka uwezo. Mwaka 1973 IBM ilitoa diski ambayo sahani na vichwa vyake vya kusomea vilifungwa pamoja katika kasha moja, vikakingwa na vumbi. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa diski ya inchi tano na robo iliyohifadhi megabaiti 5. Angalia hesabu hiyo vizuri. Mzigo uliohitaji chombo cha tani moja mwaka 1956, baada ya miaka 24 tu uliweza kubebwa mkononi. Mwaka 1983 kompyuta ya mezani ya IBM iliuzwa ikiwa na diski ya megabaiti 10 ndani yake. Zile za kwanza, za mwaka 1981, zilitegemea visahani laini ambavyo mtumiaji aliviingiza kwa mkono kila alipotaka kuamsha mashine. Mfumo ulipohamia katika diski ya ndani, mashine ikaweza kujiamsha yenyewe.

Lakini kwa miaka hiyo yote sheria moja haikubadilika: sahani lazima izunguke, na kichwa lazima kisogee. Hapa ndipo kompyuta ilipofungwa mguu. Diski nyingi za mezani za siku zetu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua zaidi kidogo ya sehemu 8 za elfu za sekunde. Ukijumlisha muda wa kusogeza kichwa na muda wa kungoja sahani ifike, kila tendo la kusoma huchukua sehemu 10 hivi za elfu za sekunde. Ukisikia hivyo utasema kwamba muda huo ni mdogo mno. Naam, ni mdogo kwa tendo moja. Tuseme basi kwamba mfumo unapoamka unahitaji kusoma vipande 10,000 vilivyotawanyika huku na huku. Zidisha, utapata sekunde 100 za kungoja tu, kabla hujahesabu kazi yenyewe. Kama ghala ingeweza kujibu kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde, kungoja kote kungekuwa sekunde moja.

Ghala ya namna hiyo ilipatikana kwa njia nyingine kabisa. Mwaka 1984 mhandisi Mjapani, Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, alitangaza kumbukumbu ya umeme ambayo haisahau mkondo unapokatwa. Ndiyo flashi, iliyo katika simu yako na katika vijiti vidogo vya kuhamishia faili. Haina sahani wala mkono. Ina chembe nyingi mno zinazonasa umeme na kuushika. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk ilitoa diski ya flashi ya megabaiti 20 kwa bei ya dola 1,000 hivi. Nafasi kidogo kwa fedha nyingi. Mwaka 2008 kampuni ya Apple iliuza kompyuta moja nyembamba kwa namna mbili. Mnunuzi aliweza kuchukua diski ya kuzunguka ya gigabaiti 80, au diski ya flashi ya gigabaiti 64. Hiyo ya pili ilikuwa na bei kubwa zaidi kwa mamia ya dola. Mtu aliombwa alipe zaidi ili apate nafasi pungufu, na wako waliolipa, kwa kuwa walikwisha kujua kwamba nafasi ni jambo moja na wepesi ni jambo jingine. Tangu hapo bei imeshuka sana, na kilichokuwa anasa ya matajiri kimefika katika maduka ya miji yetu.

Ikiwa umesoma duksi, au umemwona ndugu yako akisoma, utaielewa tabia ya flashi kuliko mwanafunzi wa mji mkuu. Mwanafunzi wa duksi huandika aya zake katika loho, ubao wa mti, kwa wino wa makaa. Akiisha kuzihifadhi moyoni, huiosha loho na kuandika nyingine. Hawezi kuandika juu ya maandishi. Ni lazima aoshe kwanza. Flashi nayo ni vivyo hivyo. Chembe iliyokwisha kuandikwa haiandikwi tena mpaka ifutwe, na haifutwi peke yake, hufutwa pamoja na kundi lake zima. Tena, kila ikifutwa huchakaa kidogo. Kwa hiyo mfumo wa uendeshaji unaokaa katika flashi yapasa uwe na adabu ya kuiambia diski, “Mahali hapa sipahitaji tena, paoshe mapema.” Windows 7 ya mwaka 2009 ilikuwa na adabu hiyo, Windows XP ya mwaka 2001 haikuwa nayo, maana ilizaliwa katika zama za sahani. Anayehamisha mfumo mkongwe hadi diski mpya na aangalie kama mgeni anazijua desturi za mwenyeji. Tena asiijaze diski mpaka pomoni, bali aiachie nafasi ya kuoshea loho zake.

Katika nchi ya Garissa chombo kisicho na sahani kina fadhila nyingine mbali na mbio. Katika diski ya kuzunguka, kichwa huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Kompyuta inayofanya kazi ndani ya gari linalorukaruka katika njia ya Dadaab imo hatarini wakati wote, kwani kichwa kikigusa sahani hukwaruza, na kilichokwaruzwa hakisomeki tena. Flashi haiogopi mtikiso wa namna hiyo. Mwaka 2016, serikali ilipoanza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za Kenya nzima, vilikuwa vyombo vya flashi, vyenye kustahimili mikono ya watoto. Hata hivyo, msomaji, usiitukuze flashi kupita haki yake. Flashi iliyosahauliwa stoo katika joto kali, pasipo kutiwa umeme kwa miaka, huweza kupoteza ilichokabidhiwa. Tena diski ya flashi ikifa, mara nyingi hufa ghafla, bila mlio wa kukuonya.

Sasa turudi kwenye swali la kipimo cha ngamia. Kabla ya kompyuta kuwa nyingi, Garissa ilikwisha kuonyesha kwa mfano ulio wazi faida ya kuhamia chombo kidogo. Huduma ya Maktaba ya Taifa ilitaka kuwafikishia vitabu wafugaji na wanafunzi walio mbali na mji. Gari ni chombo kikubwa, lakini gari na mchanga si marafiki, na njia za huko huwashinda madereva, hasa wakati wa mvua. Mwaka 1996 maktaba ikaanza kutumia ngamia watatu. Mmoja alibeba masanduku mawili ya vitabu, yenye vitabu 200 hivi kila moja. Wa pili alibeba hema. Wa tatu alibeba vyombo vilivyobaki. Wafikapo, hema lilisimamishwa, mikeka ikatandikwa, na wasomaji wakaketi kivulini. Baadaye Wajir nako kukapata msafara wa namna hiyo.

Ngamia hawezi kushindana na gari kwa wingi wa vitabu, wala kwa mwendo katika barabara njema. Lakini kwa msomaji anayengoja, chombo chenye mbio ni kile kinachofika. Gari lililojaa vitabu na kuzama mchangani halimpi mtoto hata ukurasa mmoja. Tena, fikiri juu ya mtunza maktaba aliyesimama mbele ya rafu zake asubuhi ya safari. Ana maelfu ya vitabu, naye amepewa nafasi ya 400 tu. Akichukua vile vilivyo karibu na mkono, atawapelekea watoto wa darasa la tatu vitabu vya sheria. Chombo kilipopungua, hekima ya mpakizi ilibidi iongezeke. Hilo ndilo neno ninalotaka ulishike, kwa sababu fundi wa kompyuta yuko katika hali ile ile.

Tuchukue mfano wa shule moja ya sekondari, ambayo nitaitunga ili tuielewe kazi. Kompyuta ya ofisi ina diski ya gigabaiti 500, na humo mna gigabaiti 310 zilizotumika. Diski mpya ya flashi ina gigabaiti 240. Mfumo wa uendeshaji pamoja na programu zake huchukua 60. Zilizobaki, 250, ni filamu za mpira, nyimbo, picha za siku za wazazi, nakala za nakala, na mahali fulani katikati ya takataka hizo, daftari la alama za wanafunzi wa miaka 20 na orodha ya watahiniwa wa mwaka huu. Daftari hilo lote halifikii uzito wa wimbo mmoja. Fundi mwenye haraka, anayechagua kwa ukubwa, atailinda filamu asilione daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndiyo mali, nalo likipotea, mtu atakayekuja baada ya miaka 10 kuomba uthibitisho kwamba alisoma hapo atakuwa kama hakusoma.

Basi kazi hufanywa hivi. Kwanza, kabla ya jambo lolote, nakala ya vitu visivyoweza kupatikana tena huwekwa katika chombo cha tatu, ambacho hakihusiki na kuhama. Asiyefanya hivyo anacheza kamari na mali ya watu. Pili, vitu huchambuliwa pamoja na mwenye ofisi, si na fundi peke yake, maana fundi anajua mashine lakini hajui lipi ni daftari na lipi ni taka. Tatu, sehemu ya diski inayokaliwa na mfumo hufinywa mpaka iwe ndogo kuliko nafasi ya diski mpya, kama vile mikeka inavyokunjwa kabla ya kupandishwa mgongoni. Ndipo nakala kamili huchukuliwa, herufi kwa herufi.

Wakati wa kunakili, umeme usikatike. Garissa ina kituo kikubwa cha umeme wa jua, chenye uwezo wa zaidi ya megawati 50, kilichozinduliwa Desemba 2019. Lakini umeme kuzalishwa karibu nawe si dhamana kwamba hautazimika saa unayouhitaji. Mwenye busara hufanya kazi hiyo akiwa na betri iliyojaa.

Baada ya hapo kuna jambo dogo linalowashinda wengi. Mwanzoni mwa diski pana sehemu ndogo ambayo mashine huitafuta kabla ya yote, ili ijue mfumo uko wapi. Ukinakili vitu vyote ukaisahau sehemu hiyo, umejenga nyumba isiyo na mlango; kila kitu kimo ndani, na hakuna awezaye kuingia. Tena, nakala kamili huchukua hata namba ya utambulisho ya diski ya kwanza. Ukiwasha kompyuta ikiwa na diski zote mbili, itaona mapacha wenye jina moja, na huenda ikachanganyikiwa. Kwa hiyo katika kuamka kwa mara ya kwanza, diski ya zamani huondolewa na kuwekwa kando.

Huwekwa kando, nasema, haifutwi. Wako wanaoiona mashine imeamka kwa mbio, wakafurahi, na papo hapo wakaifuta diski ya zamani ili waitumie kwa kazi nyingine. Juma la pili wanatafuta faili na hawaioni. Waswahili walitukanya tangu zamani tusiache mbachao kwa msala upitao. Fungua madaftari yenyewe, si majina yake tu. Chapisha barua moja. Mwite karani afanye kazi yake ya kawaida kwa siku kadhaa. Yote yakiwa sawa, ndipo diski kubwa ya zamani ipewe kazi inayoiweza, yaani kuwa ghala ya vitu vizito visivyohitaji haraka. Mkongwe hatupwi, huketishwa mahali panapomfaa.

Limebaki jambo moja, na kwangu ni kubwa kuliko yote niliyoyasema. Nakala kamili ni kamili hata katika makosa. Ikiwa jina lako liliandikwa vibaya katika diski ya zamani, litakuwa limeandikwa vibaya katika diski mpya, isipokuwa sasa kosa hilo litasomwa kwa mbio zaidi. Watu wa Garissa wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tangu mwaka 1991 kambi za Dadaab, umbali wa kilomita 100 hivi kutoka mji wa Garissa, zimewapokea wakimbizi waliokimbia vita vya Somalia. Katika miaka ya ukame, Wakenya wengi wa maeneo hayo, walioishiwa na mifugo, nao walijiandikisha kambini ili wapate chakula, dawa na shule. Wengine walikuwa watoto wadogo walioshikwa mkono na wazazi wao. Alama za vidole vyao zikaingia katika kumbukumbu za wakimbizi. Walipotimiza miaka 18 wakaenda kuomba kitambulisho cha taifa, mashine iliwajibu kwamba vidole hivyo ni vya mgeni. Maelfu yao walikaa miaka mingi bila kitambulisho. Na asiye na kitambulisho hapati kazi ya serikali, hafungui akaunti ya benki, hasajili simu kwa jina lake.

Angalia kwamba hapo mashine haikuharibika. Ilihifadhi vizuri, ikatafuta kwa mbio, ikajibu kama ilivyoandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kuhamisha na kuunganisha madaftari, kama yaliyoandikwa yanalingana na ukweli wa maisha ya watu. Siku ya kuhama ndiyo siku njema ya kuuliza, kwa sababu siku hiyo kila kitu kinashikwa kwa mkono. Mama anayeifungua aqal huona fito iliyooza na mkeka ulioliwa na mchwa. Akivifunga na kuvipakia kama vilivyo, ubovu utasafiri naye, na atakesha nao kambi mpya.

Msomaji, yamkini wewe ndiwe utakayeitwa kesho, katika ofisi ya chifu, katika zahanati, au katika shule uliyosomea, uambiwe, “Kijana, wewe umesoma kompyuta, mashine hii imechoka, tuhamishie vitu vyetu katika diski hii ndogo.” Usianze kwa kufungua skrubu. Keti kwanza na karani, muulize ni vitu gani ambavyo vikipotea leo havitapatikana tena, na ni vipi vyenye makosa ambayo yeye anayajua na hajapata nafasi ya kuyasahihisha. Andika majibu yake katika karatasi. Kisha toa nakala, weka mbali, na uifunge kamba ya safari.